Boksi la Shaba Nyuma ya Stoo

Fundi bomba alinunua mashine ya kutafutia vyuma kwa sababu za kazi tu. Mabomba ya zamani ni ya chuma, walioyalaza hawapo tena, na ukichimba kwa kubahatisha unaweza kuufumua ua mzima wa mtu bila kupata unachokitafuta. Mashine yenyewe ni fimbo ndefu yenye sahani chini na spika ndogo juu. Ikipita juu ya chuma, inalia.

Siku aliyoitwa na mama mkwe wake, maji yalikuwa yanapotelea ardhini kabla ya kufika jikoni. Fundi alianzia kwenye mita akafuata bomba polepole, mashine ikiguna kwa sauti ileile, mpaka nyuma ya stoo. Hapo ikatoa mlio mwingine, mkali na mfupi, pembeni kabisa mwa njia ya bomba.

"Hapo hakuna bomba," mama mkwe alisema kutoka mlangoni. "Sogea mbele."

Alisema haraka mno. Mama huyu hakuwa na tabia ya kumfundisha mtu kazi yake; kwa kawaida alimletea fundi kiti na maji ya kunywa, akaenda zake. Fundi aliitikia, akasogea, akapapata palipopasuka, akaziba. Lakini mama alipoingia ndani kupokea simu, alirudi nyuma ya stoo na sururu. Alijiambia huenda kuna tawi la bomba lililosahaulika. Ukweli ni kwamba ile haraka ya mama ndiyo iliyomkera moyoni.

Hakuchimba sana. Kilichotoka kilikuwa kimeviringishwa kwa mpira wa baiskeli na kufungwa kwa waya. Ndani ya mpira mlikuwa na boksi la shaba ya njano, la kutosha viganja viwili, chini bapa na juu limevimba kama mgongo wa kobe. Lilibanwa kwa bolti tatu, na juu yake palikuwa na namba iliyogongwa kwa patasi. Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana.

Aliposimama, mama mkwe alikuwa nyuma yake. Hakushtuka wala hakuuliza ni nini.

"Kirudishe ulikokitoa, baba," alimwambia kwa upole.

Huenda angekirudisha, lau si shemeji yake kuingia wakati huohuo. Huyu ndiye kaka mkubwa wa mkewe, na nyumbani walimwita Hakimu, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akikata kesi za wadogo zake kabla ya kusikiliza upande wa pili. Hakimu alilipokea boksi, akalipima mkononi, akalitikisa karibu na sikio. Alimuuliza mama yake ni kitu gani. Mama alisema hajui. Akamuuliza, kama hakijui, kwa nini basi kirudishwe? Mama akaenda kuangalia jiko. Hakimu akamgeukia fundi na kutaka kujua kama shimoni kulikuwa na kingine.

Mwisho walikubaliana kwamba mama alifungie boksi kabatini mwake, mpaka apatikane mtu wa kulitambua. Hakimu alikuwa ameshaamua moyoni kwamba ni dhahabu, au lina dhahabu ndani, na mwisho wa wiki akaja na sonara anayemfahamu. Mama alifungua kabati. Boksi halikuwamo, na kufuli lilikuwa zima.

Hakimu hakufoka. Alisema tu kwamba katika ukoo huu anamjua mtu mmoja mwenye vifaa vya kufungulia kila kitu. Maneno hayo yalimfikia dada yake jioni ileile. Kwenye simu alimtetea mumewe kwa ukali mpaka kaka mtu akakata. Lakini fundi alipotoka kuoga, alimkuta mkewe amepiga magoti mbele ya begi lake la kazi, spana zimepangwa sakafuni.

"Nilitaka nimjibu kaka kwa uhakika," alisema, bila kuinua macho.

Fundi alichuchumaa akarudisha spana moja moja.

Kesho yake aliichukua mashine akaenda nayo kwa mama mkwe. Alimwomba Hakimu afuate nyuma yake hatua kwa hatua, na mkewe naye akaja. Aliomba ruhusa kwanza, na mama, aliyekuwa amekaa sebuleni akichambua mchele kwenye ungo, alimwambia apite tu, nyumba ni yake. Mashine ililia kwenye vitanda, kwenye friji, kwenye majiko. Kila ilipolia Hakimu aliinama akafunua, asione kitu. Ndipo wakaingia sebuleni.

Kiti cha mama kilikuwa cha mbao, na mto wake wa sponji. Sahani ya mashine ilipokaribia miguu ya kiti, ikatoka ile sauti kali na fupi. Fundi akaizima. Hakuna mkwe anayemwambia mama mkwe wake ainuke akaguliwe anapokalia, kwa hiyo alitazama sakafu, uso ukimwaka. Hakimu naye aliisikia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hukumu mdomoni.

Mama aliweka ungo pembeni, akainuka, akalitoa boksi chini ya mto.

"Fungueni basi," alisema. "Mmeshindwa kuniacha, fungueni."

Bolti zilikuwa zimekwama. Fundi alizilowesha kwa mafuta ya taa, akangoja, akazibembeleza na spana mpaka zikaachia. Boksi liligawanyika nusu mbili. Ndani lilijaa plasta nyeupe, ngumu kama ya kufungia mkono uliovunjika, na katikati ya plasta yalikuwa meno. Safu nzima ya juu, ya mtu mzima.

Mke wa fundi aliziba mdomo. Hakimu alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa hakuwa amegusa kitu. Marehemu baba yao alikuwa mkalimani wa mahakama. Miaka nenda miaka rudi alisimama kati ya majaji na wauaji, na Hakimu sasa aliwaza mbali, akawaza vibaya. Aliuliza ni mdomo wa nani huo, na kama baba alikuwa anajua.

"Baba yenu hakumdhuru mtu," mama alisema. "Zaidi ya hapo nilimwahidi nisiseme."

Jibu hilo lilizidisha shaka badala ya kuiondoa. Hakimu alitaka waende polisi. Dada yake akashauri waanze kwa daktari wa meno aliyemtibu mwaka uliopita, na kwa shingo upande kaka mtu akakubali.

Daktari alivaa glavu, akasogeza taa, akagonga jino moja kwa kijichuma. Akawaambia wapumue. Meno yale yalikuwa ya kauri, hayajawahi kuota kwa mtu, na chini ya plasta ulionekana ufizi wa plastiki wenye rangi ya waridi. Boksi ni la kutengenezea meno bandia: fundi huyapanga ndani ya plasta, hulibana kwa bolti, kisha hulichemsha ili ufizi ugande. Hakimu alimuuliza ana uhakika gani. Daktari hakukasirika. Alifungua mtoto wa meza akatoa boksi lake mwenyewe, la kisasa, lenye umbo lilelile.

Waliporudi, mama alisikiliza maelezo yote, akaona hakuna kilichobaki cha kuficha. Ugonjwa wa ufizi ulimmaliza mumewe meno ya juu akiwa bado kijana, karibu na harusi yao. Mkalimani anatazamwa mdomo siku nzima. Aliogopa kwamba wakimjua, watamcheka mpaka atoke mahakamani. Rafiki yake, fundi wa meno wa hospitali, alikuja na vifaa vya kazini bila kuomba, wakachemsha boksi kwenye sufuria jikoni humuhumu. La kwanza liligoma kufunguka. Likaja la pili, nalo likafanikiwa. Lile la kwanza, lenye namba ya hospitali juu yake, rafiki hakuweza kulirudisha kazini na meno ya mtu ndani, kwa hiyo walilifukia.

"Lakini hayakuwahi kumkaa vizuri," mama alisema. "Ya kuongelea yalifaa. Ya kulia chakula hayakufaa. Ndiyo maana alikuwa anakula peke yake chumbani, mlango umefungwa. Alikula bila meno."

Hakimu alikaa chini taratibu. Wao watoto walikua wakiamini kwamba baba hataki kukaa nao mezani. Yeye mkubwa aliamini hivyo kuliko wote, na kwa ajili hiyo alikaa miaka bila kumtembelea, mpaka mzee alipougua.

"Mama, mbona hukuniambia mimi?" aliuliza. "Hata mimi peke yangu?"

"Ungeniamini wewe, ulivyokuwa umemkasirikia?"

Baadaye Hakimu alimwomba shemeji yake msamaha, sauti ya chini, pale uani, na fundi akampa mkono. Hilo halikuwa gumu. Gumu lilikuwa njiani, mkewe alipoomba msamaha naye. Fundi alimwambia kwamba amesikia, na kweli alikuwa amesikia. Lakini walipofika nyumbani, alilipeleka begi lake chumbani, akaliweka upande wake wa kitanda, akalivuta zipu mpaka mwisho.