Mashine Bila Kichana

Tangu asubuhi kinyozi alikuwa amefura kwa hasira, na kila aliyeingia kibandani alimwongezea kidogo. "Mtoto anaendeleaje?" wanauliza, na kabla hajafungua kinywa wameshakaa kitini na kunyoosha shingo. Naye anajibu, "Tunamshukuru Mungu." Uongo mtupu! Binti yake wa pekee amelazwa, ana saratani ya damu, na dawa zimeanza kumpukutisha nywele. Baba mtu usingizi ameusahau, chakula hakipiti kooni, kifua kinambana hata akiwa amekaa. Hilo hakuna aliyeliuliza.

Mkewe akapiga simu kutoka wodini.

"Mtoto anaokota nywele kwenye mto. Nesi ametaka kumnyoa, amekataa katakata. Anakutaka wewe."

"Nina wateja."

"Wiki nzima una wateja! Mimi nalala kwenye kiti huku. Hivi unadhani mimi ni chuma?"

Akakata. Kinyozi akairudisha simu mfukoni. Wateja walikuwa kisingizio tu, na mkewe alijua. Tangu ujana wake vichwa vya kila namna vimepita mikononi mwake, lakini kimoja, cha binti yake, alikiogopa. Aliona kwamba siku atakayokinyoa, ugonjwa utakuwa wa kweli.

Hapo akaingia Redio, mteja wa siku nyingi, aliyepewa jina hilo kwa sababu akishawaka hazimwi. Akajitupa kitini, akaagiza apunguzwe kidogo tu, maana jioni anakwenda kwa wakwe.

"Jikaze, bwana," akaanza. "Wewe ndiye mwanamume. Ukilegea wewe, nyumba nzima imelegea. Halafu vyakula vya siku hizi ndivyo vinavyoleta mambo haya. Kwani mlikuwa mnamlisha nini?"

Kinyozi akawasha mashine. Kawaida yake huvisha kichana kwanza, kile kinachozuia meno ya mashine yasifike kwenye ngozi, akakipapasa kwa kidole gumba kuhakikisha kimekaa, ndipo aanze. Safari hii hakuvisha wala hakupapasa. Mashine ikapita katikati ya kichwa cha Redio, ikaacha njia tupu inayong'aa kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni.

Redio akakitumbulia kioo macho. "Umefanya nini? Una wazimu wewe?"

"Nakaribia kuwa nao!" Kinyozi alipiga kelele hadi wapita njia wakageuka. "Tulimlisha nini? Tulimlisha wanachokula wanao! Nijikaze, nijikaze, mpaka lini? Nimejikaza hadi nashindwa kumtazama mwanangu! Umewahi kuniuliza kama nalala? Kama mke wangu analala?"

Redio alizimika. Akapapasa ile njia kichwani, akainamisha macho.

"Nyoa zote," akasema taratibu. "Halafu funga, uende kwa mwanao."

Wodini mkewe alimpokea kwa jicho kali, salamu hakuna. Binti alikuwa ameketi kitandani, nywele zimebaki mabakamabaka. Kinyozi akatoa mashine, akavisha kichana, akakipapasa, akakipapasa tena. Mashine hakuiwasha.

"Baba, umenikasirikia?"

"Nani kasema?"

"Huji. Na Mama akimaliza kuongea na wewe anaenda kulia chooni. Najua ni kwa sababu yangu."

Mkewe akageukia dirishani. Kinyozi akapiga magoti, macho yake na ya binti yakalingana.

"Nimekasirika, mama. Nimekasirika sana, na ninaogopa. Lakini si wewe. Ni huu ugonjwa." Akamgeukia mkewe. "Na wewe nimekutupa peke yako. Siko sawa, mke wangu. Hatuko sawa sote wawili."

"Sasa ndiyo unaongea," mkewe akasema huku akijifuta macho kwa kiganja. Hasira haikuwa imemwisha. "Leo kiti hiki utakilalia wewe. Na kesho yule mshauri wa wazazi wa hapa hospitalini tunakwenda kumwona wote, usiniambie habari za wateja."

"Tutakwenda."

"Mimi pia nimekasirika," binti akasema.

Wote wawili wakamtazama.

"Hapa wananiuliza panauma wapi tu. Kama nimekasirika hawaniulizi."

"Umekasirika sana?" baba yake akauliza.

"Sana!"

"Basi niambie yote, usiache hata moja," kinyozi akasema, akawasha mashine.

Binti akavuta pumzi, akaanza na sindano.