Wanamalizia Kujiandaa

Kwenye wizara ile ya mambo ya nje, mgeni mkubwa hangojeshwi. Kumkalisha balozi wa watu kwenye kochi huku Waziri hajawa tayari ni aibu ya nchi nzima, kwa hiyo mgeni akiwahi, gari haliingii getini. Linamzungusha. Linapita posta, linashuka kwa wauza viatu, linapanda mpaka hospitali, linarudi posta, hivyo hivyo mpaka simu ilie: mleteni. Maana akishakanyaga ngazi ya mlango mkuu, mambo yamekwisha. Waziri lazima ateremke ampokee, awe amejiandaa au hajajiandaa.

Kazi ya kukaa garini na kumpumbaza mgeni ilikuwa ya Mpango. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichovaa shingoni, ila hakuna aliyejisumbua kulisoma. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kuwaleta wizarani vijana wa jamii ambazo hazijawahi kutoa hata karani wa ubalozi. Wajifunze kazi, wasailiwe, waajiriwe. Msichana huyu alitoka kwa wachimba chumvi. Wenzake aliokuja nao walichoka mmoja mmoja wakaenda zao. Yeye mafunzo yake yaliongezwa, yakaongezwa tena, mpaka jina la mpango likamganda. Wageni wa kukagua mpango wakija, yeye husimamishwa mbele kwenye picha. Picha ikishapigwa, hurudi garini.

Nyumbani walimwita Balozi. Kaka yake alimpigia asubuhi ile, kabla hajashuka chumvini.

"Balozi, usaili si ndiyo leo?"

"Ndiyo leo, kaka. Saa nne."

"Wakikuuliza kwa nini unaitaka hiyo kazi?"

"Nitawaambia nimechoka kuiomba."

"Wewe nawe. Waambie unaipenda nchi."

"Nchi naipenda. Kuchoka nako nimechoka."

Kaka alicheka, kikohozi kikamkatisha. Usaili ule ulifanyika mara moja kwa mwaka. Ukikupita, unangoja mwaka mwingine, na Mpango hakuona kama mwaka mwingine anao mwilini.

Alikuwa ameshanyoosha blauzi na kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha kamati ya usaili, Mama Itifaki alipomfuata. Huyu alikuwa mkuu wa kitengo cha itifaki, mama asiyepandisha sauti hata akiungua.

"Mwanangu, kuna balozi amewahi. Kaa naye garini kidogo."

"Mama, nina usaili."

"Nalijua hilo. Mzunguko mmoja tu, utarudi benchi bado lina joto lako."

Akainuka. Alikuwa amezoea kuinuka.

Dereva walimwita Mzee Gia, kwa sababu gari lolote alilopewa alilisema kwa gia zake, kama watu wanavyomsema mkwe. Nyuma alikaa balozi mwenyewe, mzee mwembamba mwenye suti iliyomzidi kidogo mabega. Kiswahili alikiokota kituo baada ya kituo, miaka mingi, na kilikuwa kimemkaa vizuri.

"Shikamoo, mheshimiwa," Mpango alisema. "Wanamalizia kujiandaa."

"Marahaba, binti. Wajiandae tu."

Wakapita posta. Mpango akaeleza habari za posta, ilijengwa na nani, saa yake ilikufa lini. Wakashuka kwa wauza viatu, akaeleza habari za viatu. Mzunguko wa pili akaeleza habari za hospitali. Wa tatu hakuwa na jipya tena, akataja bei ya soli.

"Yule wa kandambili za bluu," balozi alisema taratibu, "sasa ananipungia mkono. Tumeshakuwa marafiki."

Mzee Gia alikohoa. Mpango alitazama kwenye kioo, akaona kitu kingine. Balozi alikuwa amebana magoti, mkono mmoja umeshika kishikio cha mlango, na kila tuta alifumba macho.

"Mheshimiwa, unaumwa?"

"Siumwi. Hotelini walininywesha chai nyingi. Na umri huu, binti, haungoji."

Alimwelewa. Akapiga simu ofisini, sauti ameishusha.

"Mama, mgeni anahitaji kujisaidia. Na saa nne ndiyo hii."

"Mheshimiwa Waziri bado. Zungukeni."

"Na usaili wangu?"

"Usiwe na haraka, mwanangu. Hata ukikupita huu, nafasi yako ipo, nitakuongezea miezi mingine. Wanamalizia kujiandaa."

Simu ikakatika. Mpango aliiangalia kama mtu aliyepewa chenji ya noti bandia. Maneno yale alifundishwa na Mama Itifaki mwenyewe, siku ya kwanza, awaambie wageni ili watulie. Aliyasema kwa mabalozi wangapi, wote wakatulia. Naye ametulia miaka hii yote, anaonyeshwa posta.

"Mzee Gia," alisema, "ingiza getini."

"Mama kapiga?"

"Hajapiga."

Mzee Gia akapunguza mwendo. "Mimi nina wajukuu, Mpango. Nikiulizwa?"

"Sema nilikuamuru."

"Wewe? Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi, mzee wangu."

Akatikisa kichwa, akakata kona. "Hata gia ya pili leo imeingia bila ugomvi," alinong'ona. "Haya ni mambo ya ajabu."

Balozi aliteremka na kukanyaga ngazi. Mlinzi akapiga saluti, kengele ikalia juu, na ndani pakawa kama kuku wameona mwewe. Waziri akateremka kwa haraka, tai shingoni, na miguuni ndala za mpira. Ugonjwa wa gauti ulikuwa umemvimbisha vidole vya miguu tangu asubuhi, ndicho kilichokuwa kinawachelewesha wote: alikuwa anapigana na viatu. Balozi aliziona zile ndala. Akamshika Waziri mkono kwa upole, akamuuliza jambo sikioni, na Waziri mwenyewe akampeleka chooni, wanachechemea wote wawili.

Mpango hakungoja. Alipanda ghorofani. Mlango wa kamati ulikuwa wazi, wajumbe wanamiminiwa chai.

"Umechelewa," karani alimwambia. "Tumeshafunga."

Mpango aliingiza mguu mmoja ndani ya chumba, akasimama hivyo, nusu ndani nusu nje. Mwenyekiti, balozi mstaafu mwenye miwani ya kamba, alishusha kikombe na kuutazama ule mguu.

"Huyu kashakanyaga," alimwambia karani. "Mpe kiti."

Habari za chini zilikuwa zimeshafika. Mwenyekiti hakumuuliza kuhusu mapenzi ya nchi.

"Ni wewe uliyemwingiza mgeni bila ruhusa?"

"Ni mimi."

"Kwa ajili yake, au kwa ajili yako?"

Alitafuta jibu zuri. Aliyajua majibu mazuri, alikuwa amekaa nayo muda wa kutosha. Lakini hakuwa na nguvu ya kuyainua.

"Kwa ajili yetu wote wawili," alisema. "Tulikuwa tumezungushwa vya kutosha."

Mwenyekiti aliandika kitu, akamuuliza mengine, ya mipaka na mikataba. Yale aliyoyajua aliyajibu, na asiyoyajua akasema hayajui.

Jioni Mama Itifaki alimkuta anafunga droo.

"Umenivulia Waziri viatu mbele za watu," alisema. "Mafunzo yako siyaongezi tena."

"Sawa, mama."

"Hutaki hata kujitetea?"

"Leo hapana, mama."

Mama Itifaki akaweka bahasha ya kamati juu ya meza, polepole. "Wamekuchukua. Kituo kile cha ubalozi cha mbali ambacho kila mtu anakikataa. Paa linavuja." Akatoka.

Simu ya kaka ikalia akiwa bado hajaifungua bahasha.

"Balozi, wamesemaje?"

"Wamesema ndiyo."

Akasikia kaka anawaita watu wa nyumbani, sufuria inaangushwa, shangazi anauliza ndiyo ya nini.

"Ongea na shangazi yako," kaka alisema.

"Kesho, kaka. Mwambie nampenda, nataka kulala."

Nje Mzee Gia alimfungulia mlango wa nyuma, kwa madaha, kama anavyowafungulia wakubwa. Mpango akauzunguka, akakaa mbele.

"Tupitie posta?" Mzee Gia aliuliza.

"Nyoosha," alisema, na kabla hawajafika getini alikuwa ameshasinzia.