Kimya cha Jumatatu Tatu

Kliniki ile ilikuwa na desturi moja ambayo wagonjwa waliipenda kuliko dawa. Mtu akishatolewa kinyama mwilini kikapelekwa maabara kuangaliwa kama kina saratani, aliambiwa pale dirishani: "Nenda nyumbani. Tukinyamaza siku kumi, jua ni heri. Tukikupigia simu, uje." Basi watu walikwenda zao, wakala na kulala na simu ubavuni kwa siku kumi, na ya kumi na moja ikifika kimya walimshukuru Mungu wakaendelea na maisha yao.

Sasa, aliyekuwa akijua nani apigiwe hakuwa daktari. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, ulimi wake hauna breki, aliyekaa chumba cha nyuma ubavuni mwa stoo ya mashuka. Kazi yake ilikuwa kuiuliza kompyuta maswali. Wenzake walimwita Mama Orodha, maana kila aliyebisha hodi kwake alitaka orodha: ya wagonjwa, ya dawa zilizokwisha, ya vitanda.

Kuiuliza kompyuta si kama kumwuliza mtu, jamani. Mtu ukimwuliza ovyo atakuuliza ulikuwa na maana gani. Kompyuta itajibu kile kile ulichouliza, hata kiwe cha kipuuzi, tena bila kucheka. Ndiyo maana Mama Orodha alikuwa na daftari la vidokezo na mafumbo alilowatungia wanagenzi waliopita mikononi mwake. Hakuwalea kwa maziwa. "Jibu likikuchukiza, utalihesabu upya mwenyewe, sina haja ya kukwambia," alikuwa akiwaambia. "Likikupendeza, hapo ndipo nitakusimamia kichwani ulihesabu."

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, akaingia muuguzi aliyepewa kazi ya kuwapigia wagonjwa, ambaye wote walimwita Dada Simu. Alikaa bila kukaribishwa, akavua viatu.

"Leo tena tupu," alisema.

"Nini tupu?"

"Orodha yako ya kupigia. Wiki ya tatu hii. Nimekaa nimekunja nne, simu inaota kutu. Mungu ametuonea huruma, mwenzangu."

"Na hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba watu ni wazima? Wewe nawe, ukisikia heri unanuna."

Mama Orodha akacheka, wakapiga soga kidogo, Dada Simu akavaa viatu akaenda. Lakini mlango ulipofungwa moyo wa Mama Orodha haukutulia. Orodha ile ilitoka yenyewe kila Jumatatu asubuhi na kwenda moja kwa moja kwa Dada Simu. Kwa miaka minne haikupungua watu kumi. Saratani haina likizo.

Swali lililoitoa alilitunga yeye, na lilikuwa fupi: nipe kila mwenye majibu mabaya ambaye namba ya kadi yake haimo katika daftari la kompyuta la waliokwisha kuarifiwa. Akalisoma mara mbili. Halikuwa na kasoro. Ndipo akafanya anachowafanyisha wanagenzi, akauliza jambo lile lile kwa njia tatu. Wenye majibu mabaya ni wangapi jumla? Mia sita hamsini na watatu. Waliomo katika daftari? Mia sita kumi na wawili. Wasiomo? Sifuri.

Hata mtoto wa shule ya msingi angekataa. Chumba kina watu kumi, sita wamesimama, halafu unaambiwa hakuna aliyekaa? Hao wanne wameyeyuka? Mama Orodha akatoa kwa vidole, kama kwamba kompyuta haikuwepo mezani. Arobaini na mmoja.

Akafungua daftari la walioarifiwa, akashuka mstari kwa mstari, na wa wiki tatu nyuma ukamsimamisha. Penye namba ya kadi palikuwa patupu. Pembeni Dada Simu alikuwa ameandika: "Mzee amekuja mwenyewe kwa wasiwasi, kadi kaipoteza, nimemweleza ana kwa ana." Hivyo tu. Huruma ya muuguzi, mstari mmoja, nafasi moja isiyojazwa.

Kwa kompyuta, patupu si sifuri wala si "hakuna". Ni "sijui". Ukiiuliza kama mgonjwa fulani hayumo daftarini, inapita ikilinganisha: huyu siye, huyu siye, huyu siye. Ikifika patupu inasita. Huyu simjui, inasema, huenda ndiye. Basi haiwezi kuapa kwamba hayumo, na ambaye haiwezi kumwapia haimtoi. Ikafanya hivyo kwa wa kwanza, kwa wa pili, hadi wa mwisho. Wote ikawaacha.

Na ajabu ya Musa, fumbo hilo lilikuwa ukurasa wa saba wa daftari lake la mafumbo. Alikuwa ameliandika kwa mkono wake. Amewahi kumtoa machozi mwanagenzi kwa sababu yake. Ila swali hili la kupigia alilitunga zamani, kabla hajayajua hayo, na hakurudi kulikagua kwa kuwa zamani hizo kompyuta ilikataa mstari usio na namba. Mwezi uliopita Dada Simu alikuja kulalamika kwamba inamkatalia watu waliopoteza kadi, naye Mama Orodha akailegeza kamba ile kwa dakika mbili huku akitafuna karanga. Mganga hajigangi.

Alilirekebisha swali kwa maneno machache: usiihesabu mistari ya daftari isiyo na namba. Majina arobaini na mawili yakajaa kwenye kioo, yule mzee akiwamo, maana daftarini hakuandikiwa namba; akamfuta, wakabaki arobaini na mmoja. Akayatazama, na shetani akamnong'oneza. Iache tu. Ipeleke kama orodha ya leo, Dada Simu atasema wiki hii wamekuwa wengi, mambo yataisha. Nani atachimba? Na akichimba, atakuta jina la Dada Simu kwenye mstari mtupu, si la Mama Orodha. Alikaa na wazo hilo muda wa kutosha kulionea haya. Kisha akachapisha karatasi akaenda kwa daktari mkuu.

Daktari alisikiliza akiwa amesimama. "Wiki tatu," alisema.

"Wiki tatu."

"Na hawa wote tuliwaambia kimya ni heri."

"Ndiyo, daktari."

"Nani aliacha nafasi tupu?"

"Aliyeiacha alikuwa anamhurumia mzee. Aliyeondoa kizuizi ni mimi. Aliyetunga swali ni mimi. Usimtafute mwingine."

Daktari akaikunja ile karatasi katikati, akaichana penye mkunjo. Nusu akamrudishia. "Hii mpelekee muuguzi. Hii nyingine tutagawana mimi na wewe. Wote waje leo au kesho, hata kama kliniki imejaa. Pigeni sasa hivi, ya lawama yana siku yake."

"Mimi sijawahi kumpigia mgonjwa, daktari."

"Basi leo utawapigia."

Alipiga. Wa kwanza alikuwa fundi wa magari, akasema, "Sawa, nakuja," akakata. Wa pili aliuliza mara tatu kama si jina la mtu mwingine. Miaka yote hii walikuwa mistari kwake; sasa mstari ulikohoa, ukauliza, ukanyamaza. Kila baada ya simu alifuta uso kwa ncha ya mtandio akatia alama.

Wa tano alikuwa mshonaji, mwanamke wa makamo kwa sauti yake. Cherehani ilisikika ikienda, kisha ikasimama.

"Kutoka kliniki?" alisema. "Lakini nyie si mlinyamaza?"

"Tulinyamaza kwa makosa, mama. Kosa ni langu. Majibu yako yalitoka siku nyingi, na si mazuri. Daktari anakungoja leo."

Mama Orodha aliogopa asije akatukanwa, na aliogopa zaidi asipotukanwa.

"Nilishamwambia binti yangu niko mzima," mshonaji alisema. "Siku ile ya kumi na moja. Alikuwa hali, hasomi, mtoto wa watu. Nikamwambia wamenyamaza, mwanangu, mama yako mzima. Akalala siku nzima kwa kuchoka."

"Nisamehe, mama."

"Nitakuja. Kuja nitakuja. Ila kumwambia mara ya pili siwezi, mwanangu, sina mdomo huo." Simu ikakwaruzana na kitambaa, na sauti yake ikasikika kwa mbali ikiita jina la utani la nyumbani. Kisha akarudi. "Huyu hapa anakuja. Mwambie wewe."

Hatua zikasikika, viatu vyepesi. Halafu sauti changa, yenye furaha ya mtu aliyeitwa kusalimiwa na mgeni:

"Haloo? Shikamoo."

"Marahaba," alisema Mama Orodha, akavuta pumzi.