Mdhamini wa Tatu

Saa mbili kasorobo asubuhi Doris, karani wa shule mpya ya kulipia iliyo njia ya Mikindani, alikuwa anamwagilia maua getini wasailiwa walipoanza kufika. Wa kwanza alikuwa Tatu Mnalima wa Rahaleo, mwenye shahada ya ualimu, aliyekuwa akijitolea mwaka wa sita katika shule moja ya Mtawanya bila ajira. Nyuma yake aliingia mdhamini wake, Mwalimu Hashimu, aliyezikwa Kitaya miaka kumi na mitano iliyopita. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini, maana alikuwa amekatiza mabonde ya Ruvuma.

Doris alimpa kitabu cha wageni. Palipoulizwa anakotoka aliandika "Makaburini, Kitaya". Palipoulizwa shida yake aliandika "Udhamini". Mwandiko ulikuwa uleule wa kulalia kulia, ambao Tatu aliujua tangu shuleni.

Wa mwisho alikuwa Lukasi, kijana wa Kizungu aliyekuja kupiga mbizi Msimbati. Hakuwa na cheti cha ualimu, wala hakudai kuwa nacho.

"Shikamoo, mwalimu," Tatu alisema, akimsogezea Hashimu nafasi kwenye benchi.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekunywa chai."

Hashimu alinukia chaki na korosho za kuchoma, na Tatu akakumbuka darasa la nne. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja, watoto kumi na mmoja wamekizunguka. Tatu alikaa upande wa juu, kwa hiyo mpaka leo anasoma maandishi yaliyopinduliwa bila shida. Siku za Ijumaa Hashimu aliwapeleka mtoni wapaze sauti za Kiingereza, na wanawake waliokuwa wakifua ng'ambo, Msumbiji, waliwajibu kwa Kireno. Hakuna aliyemwelewa mwenzake, na wote walicheka mpaka jua likazidi.

Mkurugenzi, Bwana Gideoni, alikuwa ameongea na Tatu kwa Kiingereza kwenye simu wiki iliyotangulia, akamwambia Doris kwamba amempata mwalimu aliyekulia Ulaya. Sasa, ofisini, aliitazama barua ya maombi, akamtazama Tatu, akairudia barua.

"Wewe ndiye Tatu?"

"Ndiye mimi."

Tatu alipewa darasa afundishe hesabu za sehemu kwa nusu saa. Kengele ilipolia watoto walikataa kutoka. Kisha Hashimu akaeleza, amesimama wima, kwamba katika miaka thelathini na tisa ya kazi hakupata mwanafunzi mwingine wa namna ile. Gideoni aliyaandika yote.

"Sifa zako sina neno nazo," alimwambia Tatu. "Ila mzazi akija kuandikisha mtoto, kwanza anachungulia darasani. Akimwona Mzungu, anaandikisha. Akikuona wewe, anasema mwalimu kama huyu nimemwacha kijijini."

Tatu aliyashika magoti yake. Hakulia.

"Mwaka hamsini na tisa niliomba kazi shule moja ya Lindi," Hashimu alisema. "Mkuu wake aliniambia hivyohivyo. Lakini yule alikuwa Mwingereza."

"Basi unanielewa, mzee wangu," Gideoni alisema kwa upole, akampa mkono. Mkono wa marehemu ulikuwa na baridi kidogo.

Jumatatu Lukasi alianza kazi. Tatu alirudi Mtawanya kwa watoto wake tisini na watatu, na alasiri akawa anafundisha masomo ya ziada barazani kwake Rahaleo. Hashimu hakurudi Kitaya moja kwa moja. Kila Alhamisi alikuja kusahihisha madaftari, na watoto walimwamkia kama mwalimu mwingine yeyote. Doris alimleta binti yake. Majirani wakafuata.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano gari la Gideoni lilisimama uchochoroni, mbali kidogo na nyumba. Alishuka amemshika mkono mwanawe wa darasa la nne.

"Sehemu zimemshinda," alisema. "Shuleni na Lukasi wanaimba tu."

Tatu alimpokea mtoto, akamkalisha karibu na Hashimu, ambaye alikuwa tayari anamchongea penseli.

"Na ile kazi, Bwana Gideoni?"

"Kazi bado, mwalimu." Aliangalia chini. "Si unawajua wazazi."

Aliaga, akaomba apitie mlango wa nyuma.