Magoti Mbele ya Mkwe

…usisogee dada, anasema, usisogee hata kidogo, na mimi ningesogea wapi, magoti yameshazama kwenye tope hili la Uyole, kanga imenifunika mpaka kidevuni, naona vidole vyangu tu na viatu vya huyu Liberatus, mkalimani waliyemtoa Iringa, anasema mzungu wa kamera anangoja jua, wingu limekaa juu ya mlima halitaki kuondoka, haya, na tungoje… mbele yangu, kwenye kigoda, amekaa mkwe wangu, baba wa mume wangu Jailos, ameelekeza uso mlimani asinione na mimi nimejifunika asinione, ndivyo tulivyo Wanyakyusa, mke wa mtoto na mkwe hawaonani wala hawasemeshani, nikimsikia anakohoa njiani naingia kwenye mahindi nainama mpaka apite, tangu niolewe hajaniona uso, hajaliona hili kovu la kwenye nyusi, jicho langu lilipovimba nikawa siwezi kulifumbua yeye alipita palepale uani na mimi nikajificha kwa adabu, fikiria, namfichia mwanawe kwa adabu… wa sinema hawakujua, yeye walimchagua kwa ndevu zake nyeupe awe mzee wa baraza, mimi wakaniona kanisani nikisoma somo, wakatukutanisha hapa, na watu wetu, nani ambishie mtu wa serikali, sasa mzungu anamsifu mzee, ati anajua sana kuigiza hasira.

Hasira gani, anatazama mawingu tu… na hadithi yenyewe siyo hii, mwalimu Anania aliiandika gazetini, niliisoma mpaka karatasi ikakatika kwenye mikunjo, mwanamke anapigwa, anatoroka, analima pareto yake na harudi, harudi kabisa, mwisho tunamwacha shambani anachuma maua na kuwagombeza kunguru, nilicheka na kulia siku ile, lakini hawa wameigeuza, wamesema sinema itazunguka vijijini, haiwezi kuwafundisha wanawake kutoroka, ndoa lazima ipone, basi mwanamke wangu wamemng'oa shambani kwake wakamleta hapa apige magoti aombe radhi, radhi ya nini jamani, ya kuchuma maua… kama nilivyorudishwa mimi kutoka Kihesa, kwa dada Atuganile, kule nilikuwa naamka asubuhi bila kusikiliza kwanza mlangoni kuna nani, naamka tu, naota moto, nakunywa uji, sikujua kama kuna watu wanaishi hivyo kila siku, mpaka Jailos akaja, akalia mbele ya shemeji, machozi kweli, akaapa, tukapanda lori, na tulipofika Nyololo watu wameshuka kunywa chai akaniinamia sikioni, kikombe changu amenishikia mwenyewe, akasema, "Ukitoroka tena nakuvunja miguu," kwa upole, kama anayeuliza aniongezee sukari… mahindi ya msimu ule hayajakauka nikakimbilia kwa baba, na huko ndiko niliko, mpaka leo, leo hii, kwa sababu hawa wazee wakishamaliza baraza la uongo wanakwenda kukaa la kweli, nyumbani kwa mkwe, waamue nirudi kwa Jailos au baba arudishe ng'ombe wa mahari, na ng'ombe baba hana, wamekwenda kumwozea kaka mke, kila mtu anajua… mimi nitawekwa nyuma ya nyumba, siwezi kusema mbele ya mkwe, shangazi ndiye atanisemea, namjua shangazi, ataweka asali, atasema watoto hawa wamekosana kidogo, jioni nitakuwa natembea nyuma ya baiskeli ya Jailos.

Nasikia kengele yake, amesimama na baiskeli pale kwa watazamaji, anaichezea, trin, trin, nijue yupo, najua upo… jana tulipiga kile kipande cha kupigwa, mume wangu wa sinema ni Asukile, fundi cherehani, masikini, anainua fimbo kama anayefukuza kuku, watu hawana mbavu, mzungu anasema rudia, rudia tena, ndipo Jailos akapaza sauti kutoka kule, "Siyo hivyo. Mshike kwanza mkono wa kushoto, ndio anaojikingia," watu wakacheka, halafu wanawake wakaacha kucheka, mmoja mmoja, na Liberatus akatafsiri, mzungu akafurahi, akasema ndiyo, fanya hivyo, Asukile akanishika mkono wa kushoto, ananinong'oneza, nisamehe dada, nisamehe, na mkwe alikuwa hapahapa kwenye kigoda, alimsikia mwanawe, masikio hayajifuniki kanga, alisikia akatazama mlima… kwa hiyo unajua, baba mkwe, umejua siku zote, unachotaka ni kutokuonyeshwa tu.

Dada, anasema Liberatus, jua likitoka utafunua uso, unautazama upande wa kamera, unaomba radhi, nikamuuliza maneno gani, akasema yoyote tu, mashine hii haishiki sauti, mdomo ukitembea inatosha, maneno yatawekwa baadaye… yoyote tu… na mashine ikizunguka asisogee mtu, asiingie mtu kwenye picha, askari yule amewekwa kwa kazi hiyo, hata Jailos hawezi kuvuka kamba, loh, mimi Tusajigwe, ambaye nyumbani sijawahi kumaliza sentensi, serikali imeniwekea askari nimalize, nitasema Kinyakyusa, Liberatus hakijui, atadhani naomba radhi, mzungu ndiyo kabisa, watakaosikia ni wale tu wanaotakiwa kusikia… naogopa, watasema nimemvunjia mkwe heshima, mama atatamani ardhi immeze, shangazi atapiga ukelele, na baba na ng'ombe zake, pole baba, nakupenda, utamwambia kaka naye atafute, mimi siyo zizi… naogopa sana lakini hasira imeshaupita woga, imeuacha mbali huko, sitafunua kwa kamera, nitafunua kwa yeye, anione, kovu na yote, na asiponitazama nitamwita, si baba mkwe, nitamwita jina, jina lake mke wa mwanawe halitamki hata akiwa peke yake kisimani, Isakwisa… nimelisema, moyoni tu, na bado nimepiga magoti, sijafa… Isakwisa, hivyo, atageuka, hakuna mwanamke aliyewahi kumwita hivyo mbele za watu, lazima ageuke… bado kidogo dada, anasema Liberatus, usisogee, wingu liko palepale, sijasogea, nangoja, jua likitoka nitamwita, akishageuka nitamwambia, mwanao ataniua, na wewe unajua, na mimi sirudi.