Trei Isiyotulia

Kazini walimwita Profesa, nusu kwa heshima, nusu kwa utani, na yeye alichagua kusikia ile nusu ya kwanza. Aliandika programu za mashine. Mwezi ule alikuwa amemwandikia shemeji yake mfugaji, mdogo wa mumewe, programu ya kuendesha mashine ya kutotolesha vifaranga: ipime joto, na kila saa iinamishe trei ya mayai mara moja, upande huu au ule.

Mezani kwake ilifanya kazi bila kosa. Lakini chipu, ule ubongo wa mashine, ilikuwa ndogo, ikabidi aiagize kompaila, ile inayogeuza maandishi yake kuwa amri za mashine, iibane programu ipate kuenea. Ilipobanwa tu, trei ikaanza vituko. Kulia, kushoto, kulia tena, haipumui. Heri walikuwa wanajaribu kwa viazi.

"Shemeji," mfugaji alisema, akitazama viazi vinavyobingirika, "vifaranga vyangu vitatoka na kizunguzungu."

"Kompaila ndiyo mbovu. Isipobana, programu ni nzima."

"Mchagua jembe si mkulima."

Jumanne Profesa alimweleza mkuu wake kwamba kompaila ni mbovu, na Jumatano akawaandikia watengenezaji wake barua ndefu, yenye mistari miwili ya kuwasikitikia.

Kisha akaongeza mstari mmoja katika programu, wa kuonyesha kwenye skrini kinachoendelea ndani. Trei ikatulia tuli. Akautoa, ikaanza tena. Akaurudisha, ikatulia.

"Kumbe ina adabu za ukweni," alisema mfugaji. "Ikijua inaangaliwa, macho chini. Mkigeuka, inarukaruka."

Alhamisi asubuhi, ili amnyamazishe, Profesa alimvutia kiti mbele ya kompyuta amwoneshe kwamba programu haina doa.

"Hiki ni kisanduku cha kumbukumbu. Saa ikitimia, naandika humu: geuza. Hapa chini mashine inachungulia. Ikikuta sifuri, inaiacha trei. Ikikuta kitu kingine chochote, inageuza. Na saa ikiwa bado, naandika..."

Kidole chake kilikwama juu ya skrini, mahali pasipoandikwa kitu.

Hakuwahi kuweka ile sifuri. Programu isipobanwa, kisanduku kiliangukia penye sifuri kwa bahati tu. Ikibanwa, kompaila ilikiweka palepale palipotoka kukaa kipimo cha joto, na mashine ikayasoma mabaki ya joto kama amri. Ule mstari wa kuonyesha kwenye skrini ulikuwa umesogeza vitu humo ndani tu, kisanduku kikaangukia tena penye sifuri.

"Shemeji, umekaa kimya," alisema mfugaji. "Si kawaida yako."

"Nafikiri."

"Hufikiri. Unatafuta pa kuanzia kuniambia."

Profesa alijaribu kukunja uso, kicheko kikamshinda. "Haya. Kosa ni langu."

"Rudia kidogo. Sikio hili lina pumba."

"Langu, shemeji. Langu peke yangu."

Aliandika ile sifuri, akaiambia kompaila ibane kwa nguvu zake zote, wakapeleka chipu bandani. Waligeuza ndoo mbili wakakaa kusubiri. Dakika ya kumi, trei kimya. Ya thelathini, kimya. Mfugaji alifungua mdomo mara mbili akaufunga. Saa ilipotimia, trei iliinama taratibu upande mmoja, ikakaa. Mfugaji alinyanyuka bila neno la mzaha, akatoa viazi, akaanza kupanga mayai mojamoja kwa mikono miwili.

Profesa alirudi ofisini akawaandikia watengenezaji wa kompaila barua ya pili, fupi mno. Kisha akafunga mlango, akapekua programu zake zote za mwaka ule. Alikuta visanduku vingine viwili vitupu. Akavijaza, wala hakumwambia mtu, ukweni hasa.