Mstari wa Nesi na Chungu cha Bibi Kezia

Bibi Kezia aliishia darasa la nne, lakini mstari ule wa uzito kwenye kadi ya kliniki aliuelewa kabla nesi Herieth hajaweka kalamu chini. Kila kaloria tano za ziada, gramu moja. Mjukuu wake Nsabimana alikuwa na kilo sita na gramu mia nne. Aongezewe vijiko viwili vya mawese kwenye uji, kaloria mia mbili na hamsini kwa siku, na siku ya kumi na nne afike kilo saba na gramu mia moja. Asipofika, analazwa Kasulu mjini, bibi akae naye wodini, na maharage yake kule Nyakitonto yaozee shambani.

Siku ya saba zilitakiwa ziwe zimeongezeka gramu mia tatu na hamsini. Mizani ikaonyesha mia moja sabini na tano.

"Bibi, mawese unayala wewe?" akauliza Herieth.

"Mwili huu, mjukuu wangu, ungeyaficha wapi?"

Ukweli ni kwamba watoto wawili wa jirani yake Adija walikuwa wakifika uji ukianza kutokota. Nusu kwa Nsabimana, nusu kwao.

"Basi wafukuze," akasema Herieth.

"Nimfukuze mtoto wa mtu jikoni? Halafu nihamie wapi, kwenu Mbeya?"

Bibi akatoa maharage kwenye fundo la kanga, akayapanga mezani kuhesabia. Zimebaki gramu mia tano ishirini na tano, siku saba. Sabini na tano kwa siku. Hizo ni kaloria mia tatu sabini na tano mdomoni, na chungu kinataka mara mbili yake.

"Vijiko sita," akasema, Herieth akiwa bado anatafuta kikokotoo kwenye simu. "Mstari wako mzuri. Umesahau tu kumweka Adija."

Wiki nzima vijiko sita viliingia kila siku, viwili asubuhi, viwili mchana na viwili jioni.

Siku ya kumi na nne Herieth alimvua mtoto mpaka shanga za kiunoni, akamfungua na viganja kutafuta mawe, maana alishamjua bibi huyu. Akapima. Akapima tena.

"Kilo saba na gramu mia moja," akasema taratibu, akaweka nukta. Ilikaa juu ya mstari kabisa.

Bibi Kezia akambeba Nsabimana mgongoni, akilalamika kwa sauti kwamba mtoto ni mzito, ili foleni yote isikie. Mlangoni walisimama watoto wa Adija, mashavu yaking'aa.

"Na hawa wapime," akamwambia nesi. "Mawese yangu mengine yamo humo."